Upinde, Ng'ombe na Hesabu ya Wanyama katika Bonde la Yaeda

Magharibi ya mji wa Mbulu, nyanda za juu zenye baridi na mashamba ya mahindi hukatika ghafla, na ardhi huporomoka hadi kwenye bonde kame la Yaeda. Huko chini hakuna tena mahindi. Kuna mibuyu, migunga, vilima vya mawe, na katikati ya bonde mbuga tambarare inayogeuka kuwa kinamasi wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Katika bonde hili, na kandokando ya Ziwa Eyasi lililo kaskazini yake, wanaishi Wahadzabe, watu ambao idadi yao yote hukadiriwa kuwa elfu moja na kidogo. Sehemu yao bado hupata chakula chao kwa kuchimba mizizi, kuchuma matunda ya porini, kurina asali na kuwinda kwa upinde na mshale.

Kwa muda mrefu limekuwapo swali linaloulizwa na watawala na wataalamu wa wanyamapori vilevile: je, mwindaji huyu wa upinde awekewe kikomo cha wanyama anaoruhusiwa kuua, kama anavyowekewa mwenye bunduki na leseni? Swali hilo laonekana rahisi. Wanyama wamepungua, wanaoua wanyama wanajulikana, basi wapunguziwe idadi. Lakini ukilitazama kwa jicho la elimu ya viumbe na la hesabu, utaona kwamba jibu lake halimo katika podo la Mhadzabe peke yake.

Silaha na mipaka yake

Upinde wa Kihadzabe ni mrefu, wakati mwingine humpita kimo mwenye kuuvuta, na kuuvuta mpaka mwisho kwahitaji nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 30 au zaidi. Upote wake hutengenezwa kwa kano za mnyama. Mishale ni ya namna mbalimbali. Iko ya mti mtupu, iliyochongwa ncha, ya kuulia ndege na wanyama wadogo. Iko yenye chembe ya chuma, ambayo mara nyingi ni msumari uliopondwa ukawa bapa. Na iko ile yenye chembe iliyopakwa sumu, ambayo ndiyo ya wanyama wakubwa kama pofu, punda milia, tandala na swala pala.

Sumu hiyo hupatikana hasa kutoka mimea miwili, Adenium obesum, yaani waridi la jangwani, na Strophanthus eminii. Utomvu wa mmoja na mbegu za mwingine huwa na kemikali za kundi moja, zinazozuia ile pampu ndogo iliyomo katika kila chembechembe ya msuli wa moyo, inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu ikisimama, mapigo ya moyo huvurugika na hatimaye moyo hukoma. Hata hivyo mnyama haanguki papo hapo. Hukimbia, husimama, hutembea, na aweza kwenda mbali sana kabla ya kufa. Kwa hiyo mwindaji hamfukuzi. Humwacha atulie, kisha hufuata nyayo na matone ya damu, mara nyingi pamoja na wenzake aliowaita kambini, na mara nyingine siku ya pili yake. Nyama iliyo karibu na jeraha hukatwa na kutupwa, na iliyobaki hulika bila madhara.

Mambo mawili hutokana na silaha ya namna hii. La kwanza, mwindaji hana budi kumkaribia mnyama. Mshale hufika mbali, lakini mshale wa kuaminika ni ule unaopigwa kutoka hatua thelathini hivi. La pili, uwindaji hauishii pale mshale unapoondoka upindeni. Nusu ya kazi ni kusoma nyayo. Msomaji akumbuke jambo hili la pili, kwa maana litarudi baadaye.

Wakati wa kiangazi, maji yanapobaki katika visima vichache vya asili na madimbwi, iko njia nyingine. Mwindaji hujenga kificho cha mawe au matawi karibu na maji na kungoja usiku, akitegemea kwamba kiu itamleta mnyama. Huo ndio msimu ambao zamani ulileta nyama nyingi.

Je, upinde huua wanyama wangapi? Watafiti kutoka Marekani, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, waliishi na Wahadzabe katikati ya miaka ya 1980 na kuandika kila mnyama aliyeletwa kambini. Walikuta kwamba mwindaji mmoja hupata mnyama mkubwa mmoja kwa kila siku 29 za kuwinda, ukichukua wastani. Kwa maneno mengine, kati ya siku mia moja mtu hurudi bila mnyama mkubwa siku tisini na sita au saba. Siku hizo zote huwa ametembea. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 na Herman Pontzer na wenzake vilionyesha kwamba mwanamume wa Kihadzabe hutembea takriban kilomita 11 kwa siku. Kambi haifi njaa kwa sababu wanawake huchimba mizizi kila siku, kwa sababu asali ipo, na kwa sababu mnyama akipatikana hugawiwa kwa wote, hata kwa yule ambaye mwezi mzima hakupata kitu.

Yafaa kusema hapa, maana kuna hadithi inayopendwa sana, kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa Mhadzabe huacha kumpiga mnyama kwa kusudi la kumhifadhi. Akimwona pofu yuko karibu, atampiga. Kilichowahifadhi wanyama wa Yaeda kwa karne nyingi si wema wa moyo wala desturi ya kujizuia. Ni uchache wa watu, ufupi wa masafa ya mshale, na urefu wa kazi yenyewe. James Woodburn, Mwingereza aliyeanza kuwachunguza Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, alikadiria watu wapatao 400 upande wa mashariki wa Ziwa Eyasi katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,500. Hiyo ni kama watu kumi na sita katika kila kilomita za mraba mia moja, watoto na wazee wakiwamo.

Hesabu ya kundi

Ili kuona kikomo hufanya kazi vipi, msomaji na achukue mfano wa kubuni. Kuna bonde ambalo malisho na maji yake yaweza kutosha swala pala 1,000 na si zaidi. Kundi likiwa dogo na chakula kingi, huongezeka kwa asilimia 30 kila mwaka. Kadiri linavyokaribia 1,000, ndivyo chakula kinavyobana, wadogo wengi hufa, na ongezeko hushuka hadi sifuri. Katika hali hii ongezeko kubwa kuliko yote hupatikana kundi likiwa nusu ya uwezo wa bonde. Wakiwa 500, huongezeka kwa 75 kwa mwaka.

Tuseme wawindaji huua 50 kila mwaka. Kundi litashuka kutoka 1,000 mpaka kufikia takriban 790, na hapo litatulia, kwa sababu kundi la 790 huzaa ziada ya wanyama 50 hasa. Wawindaji hula, na kundi hudumu. Ofisi ya wanyamapori ikiandika katika leseni "wanyama 50", haijakosea.

Sasa na tuondoe sehemu ya bonde. Hapana haja ya kuongeza mwindaji hata mmoja wala mshale hata mmoja. Maji ya kiangazi yachukuliwe na ng'ombe, majani ya mbugani yalishwe mifugo, vichaka vya pembezoni vigeuzwe mashamba, hata uwezo wa bonde uwe wa swala 600 tu. Ongezeko kubwa kuliko yote sasa ni 45 kwa mwaka, wakati kundi ni 300. Lakini leseni bado yasema 50. Idadi iliyokuwa salama jana imekuwa ya maangamizi leo, na hakuna aliyevunja sheria.

Tena maangamizi hayo hayaonekani upesi. Kundi linapopita kwenye 300, upungufu wake ni wanyama 5 tu kwa mwaka. Hakuna hesabu inayofanywa kutoka kwenye ndege iwezayo kutambua tofauti ya watano katika mia tatu. Mtaalamu mwenye bidii na mwaminifu ataandika kwamba kundi limetulia. Miaka kadhaa baadaye, kundi likiwa 100, litazaa ziada ya 25, na 50 wakiuawa mwisho wake ni wa miaka michache tu.

Upande mwingine wa hesabu hii ni muhimu zaidi kwa jambo linalozungumzwa hapa. Mwindaji wa upinde hafuati idadi. Hufuata siku zake na miguu yake. Wanyama wakipungua, naye hupata wachache, kwa sababu siku zilezile za kutembea humkutanisha na wanyama wachache zaidi. Tukichukua kwamba huua sehemu ileile ya kundi kila mwaka, yaani wale 50 kati ya 790, basi bonde likipungua uwezo mpaka 600, kundi litashuka hadi 470 na kidogo, na hapo litatulia, naye atapata 30 badala ya 50. Kundi halikwisha. Aliyelipa gharama ni mwindaji, kwa kukosa nyama ishirini, kisha akawageukia digidigi, pimbi, kanga na mizizi. Hivi ndivyo ilivyotokea Yaeda kwa sehemu kubwa: mlo wa Wahadzabe ulibadilika kabla ya wanyama wote kutoweka.

Kwa hiyo upinde, kwa udhaifu wake, ni kikomo cha juhudi, na leseni ni kikomo cha idadi. Vyote viwili huzuia, lakini havizuii kwa namna moja. Kikomo cha idadi hufaa pale tu idadi inapopimwa upya kila mara na ardhi inapobaki ileile.

Mfano wa Amerika

Nchi yenye uzoefu mrefu wa kuwawekea wapiga mishale vikomo ni Marekani. Huko upinde ni mchezo wa watu wenye bunduki nyumbani, wanaopenda kujipa kazi ngumu. Jimbo la Wisconsin lilianzisha msimu wa pekee wa upinde mwaka 1934. Katika majimbo ya milima ya magharibi windo kuu ni elki, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi, mkubwa karibu sawa na pofu jike. Kila mwindaji hupewa leseni pamoja na kibandiko kimoja, ambacho hana budi kukifunga kwenye mzoga mara tu anapoua. Kibandiko kikishatumika, msimu wake umekwisha.

Jimbo la Colorado, lenye elki wengi kuliko jimbo lingine lolote, kwa miaka mingi liliuza vibandiko vya upinde bila kikomo katika maeneo mengi, kwa hoja kwamba wapiga mishale wengi hurudi mikono mitupu na kwa hiyo hawadhuru kitu. Hoja hiyo ilikuwa kweli wapiga mishale walipokuwa wachache. Pinde zilipoboreshwa kwa magurudumu na nyaya, na wageni kutoka majimbo mengine walipomiminika, misitu ilijaa watu mwezi Septemba, ambao ndio msimu wa elki kupandana. Mapato madogo ya kila mmoja, yakizidishwa kwa maelfu ya watu, huwa mapato makubwa. Zaidi ya hayo, elki waliosumbuliwa huhama kutoka ardhi ya umma kwenda kwenye mashamba ya watu binafsi ambako mwindaji hawezi kuingia, hata watu wakakaa msituni kwa wiki nzima wakionana wao kwa wao tu. Kuanzia mwaka 2025 Colorado imewawekea wageni kikomo cha vibandiko vya elki wa upinde, navyo hugawiwa kwa bahati nasibu.

Tofauti na Yaeda ni kubwa. Aliyekosa kibandiko Colorado hununua nyama dukani. Hata hivyo somo moja lahamishika bila shida: msongamano huwafukuza wanyama hata kabla ya kuwaua, na anayesongamana si lazima awe mwindaji.

Msongamano ulitoka wapi

Katika Mbulu na Hanang msongamano ulishuka kama maji, kutoka juu kwenda chini. Wairaqw, wakulima wa nyanda za juu, waliongezeka na kuihitaji ardhi mpya. Vichaka vilivyozizunguka nyanda hizo vilikuwa na mbung'o, na mbung'o walikuwa mlinzi mkali wa wanyamapori kuliko bwana nyama yeyote, kwa sababu ng'ombe hawakuweza kukaa. Katika miaka ya 1940 na 1950, chini ya mpango wa maendeleo wa Mbulu wa serikali ya kikoloni, vichaka vilifyekwa, mbung'o wakarudi nyuma, na wakulima na mifugo wakasonga mbele.

Upande wa kusini, chini ya Mlima Hanang, walikuwapo Wabarabaig, tawi la Wadatoga, wafugaji waliokuwa wakihamisha ng'ombe wao kwa mzunguko wa misimu kati ya malisho ya namna mbalimbali. Malisho bora kuliko yote yalikuwa kwenye tambarare za Basotu. Kuanzia mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Chakula na Kilimo la Taifa, NAFCO, lilianzisha huko mashamba makubwa ya ngano, ambayo hatimaye yalikuwa saba na kuchukua takriban hekta 40,000. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda katika Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985. Nchi ilihitaji ngano, na ngano ilipatikana. Lakini anayehesabu hekta 40,000 katika daftari la kilimo yampasa azihesabu pia katika daftari la malisho, na hilo la pili halikufunguliwa. Ng'ombe hawakutoweka kwa sababu ardhi yao ilibadilishwa kazi. Walikwenda kwingine, na mojawapo ya sehemu walikokwenda ni Yaeda.

Mfugaji aliyeingia bondeni hakuwa adui wa wanyamapori, na Wadatoga na Wahadzabe walikuwa majirani wa siku nyingi waliobadilishana nyama na asali kwa chuma na tumbaku. Ila kundi la ng'ombe hufanya mambo matatu kwa pamoja. Hula majani ambayo punda milia na pofu wangekula. Hukaa kwenye maji mchana kutwa, pamoja na mbwa na watoto wachungaji, na mara nyingine usiku, hata kificho cha mawe kikawa hakina kazi. Tena hukanyaga njia zote. Mwindaji aliyempiga tandala jioni na kurudi asubuhi kufuata nyayo hukuta kwato mia mbili zimepita juu yake. Mnyama amekufa mahali fulani kichakani kwa sumu iliyofanya kazi yake sawasawa, na fisi ndiye aliyemla. Katika hesabu ya kundi, huyo ameuawa. Katika chungu cha kambi, hayumo. Kikomo cha leseni hakimhesabu kamwe.

Sheria nayo ilipita mikondo yake. Mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji wote nchini, na mwaka 1978 ikaufungua tena. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974 ilidai leseni kwa kila windo, nayo ilirithiwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 2009, ambayo inazitambua jamii za jadi zinazoishi kwa kutegemea wanyamapori na kuwinda bila silaha za moto. Wanyama wengine hawaruhusiwi kabisa. Twiga, ambaye Wahadzabe wa zamani walimwinda kwa mshale wa sumu na ambaye mmoja wake alilisha kambi kwa siku nyingi, ni mnyama wa taifa na haguswi. Kwa mnyama azaaye mtoto mmoja baada ya mimba ya miezi kumi na mitano, hilo ni katazo lenye msingi.

Katazo lisilo na msingi wa namna hiyo ni rahisi pia kulitaja. Mwaka 2007 kampuni moja ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipewa ruhusa ya kutumia bonde la Yaeda, na kwa miezi michache ikaonekana kwamba wenye pinde wangezuiwa ili wenye bunduki wawe na nafasi. Wahadzabe walipinga, habari zikaenea ng'ambo, na kampuni ikajiondoa mwaka uleule. Kama lengo lilikuwa kupunguza vifo vya wanyama, ni vigumu kueleza kwa nini silaha ya hatua thelathini iondolewe na ya hatua mia tatu iingizwe.

Hatua ya 2011

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa ajili ya jamii nzima, si kwa mtu mmoja mmoja, juu ya eneo la takriban hekta 20,000. Edward Loure, aliyeongoza kazi ya kupatikana kwa hati za namna hii kaskazini mwa Tanzania, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2016. Pamoja na hati ulikuja mpango wa matumizi ya ardhi uliochora mipaka ya makazi, malisho na msitu. Msitu huo sasa huingiza fedha: kwa kuwa miti isipokatwa kaboni yake hubaki ardhini na katika shina, makampuni ya nje hununua hesabu ya kaboni hiyo, na sehemu ya fedha hulipa askari wa wanyamapori wa kijiji wanaotembea bondeni, kuwazuia wanaofyeka, na kuandika wanyama wanaowaona.

Kwa lugha ya mfano uliotangulia, hati haikugusa ile 50 ya kwenye leseni. Imejaribu kuizuia ile 1,000 isiwe 600. Na madaftari ya askari hao, kama yataandikwa kwa utaratibu mmoja mwaka hata mwaka, katika njia zilezile na miezi ileile, yaweza kuwa na thamani kuliko ndege. Yatafaa zaidi kama kila mwindaji naye ataulizwa ametembea siku ngapi, si ameua wangapi tu. Siku 29 kwa mnyama mmoja ndicho kipimo cha miaka ya 1980. Zikiwa leo 40 au 60, upungufu umeonekana, bila kumhesabu mnyama hata mmoja kutoka angani.

Jambo ambalo hati haikulimaliza ni maji. Mpaka wa msitu umechorwa kwenye ramani, lakini katika miezi ya Septemba na Oktoba, mvua zinapochelewa, mfugaji aliyenyimwa Basotu na mwindaji aliyebaki na Yaeda hulitazamia dimbwi lilelile, na punda milia amesimama mbali kichakani akingoja wote wawili waondoke.